Shindano la Nyumba Safi

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipoamka kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, nikapiga magoti sebuleni kwangu na kuanza kusugua sakafu ambayo nilikuwa nimeisugua jana yake na juzi yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Magoti yangu yalikuwa yameota sugu kama ya mtawa, ila mimi sikuwa nasali. Nilikuwa nawangojea waamuzi.

Ngoja nikueleze, maana ninyi wa leo hamkuyaona mambo hayo. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Lubumbashi, upande ambao moshi wa bomba kubwa ulitua juu ya nguo zetu kila upepo ulipogeuka. Kila kiangazi kambini kulikuwa na shindano la nyumba safi. Waamuzi watatu walipita mlango kwa mlango na daftari: shefu wa kambi, mwalimu wetu wa foyer, na mke wa injinia mmoja, mzungu mwembamba aliyevaa glavu hata jua likiwa kali. Foyer ndiyo shule ambako sisi wake wa wafanyakazi tulifundishwa kushona, kupiga pasi na kupika supu ambayo hakuna mume aliyewahi kuiomba. Waamuzi hao waliinama kutazama chini ya kitanda, wakapitisha kidole juu ya kabati, wakafunua sufuria. Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa mpira, matokeo yalisomwa nyumba baada ya nyumba mbele ya kambi nzima.

Mwaka ule zawadi ya kwanza ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Niliitaka cherehani ile mpaka nikaiota. Lakini zaidi ya cherehani nilitaka jina langu lisomwe la kwanza, na watu wageuke kunitazama, na waanze kuniita Madame bila kucheka. Miaka miwili mfululizo nilikuwa wa pili, nyuma ya Mama Filomena wa nyumba nambari tisa. Mara ya kwanza nilipewa pasi ya makaa, mara ya pili ndoo. Ndoo ile ninayo hadi leo, haivuji hata tone, na bado ninaichukia.

Sebule yangu, au salon kama tulivyoiita, ilikuwa na viti vinne vya mbao vilivyopakwa vanishi, meza moja, na juu ya meza kitambaa cha kufuma kwa mkono, chenye mawaridi ishirini na manne pembeni. Kitambaa hicho kilinichukua miezi minane. Sakafu niliipaka nta nyekundu mpaka ukiinama unaona pua yako. Na hakuna aliyekaa humo. Mume wangu Numbi, aliyefanya kazi kwenye matanuru ya kuyeyushia shaba, alirudi jioni akapitia mlango wa jikoni na kula uani juu ya kigoda. Binti yetu wa miaka minne alijua kwamba akikanyaga salon atachapwa. Na mama mkwe wangu, Mama Umba, aliyekuja kututembelea kutoka Mitwaba na kiko chake na mzigo wake wa majani ya dawa, nilimwambia siku ya kwanza kabisa, kwa heshima zote, kwamba viti vile ni vya shindano. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na mafiga.

Unacheka? Cheka tu. Lakini picha za kochi lako jipya nimeziona, mwanangu, ulizonionyesha kwenye simu yako, na nailoni ya dukani bado imelifunika. Tunaelewana vizuri mimi na wewe.

Nyakati zenyewe zilikuwa za ajabu. Jimbo letu la Katanga lilikuwa limejitenga na nchi tayari zaidi ya mwaka mmoja. Tulikuwa na bendera yetu, stempu zetu, noti zetu. Wabelgiji wengine walikuwa wameondoka na kuacha ofisi wazi, na marafiki wa Numbi waliokuwa makarani wadogo waliamka siku moja ni wakubwa, wakahamia mjini katikati kwenye nyumba zenye bustani. Kila mtu alihisi anapanda ngazi, na aliyekuwa bado chini alikuwa anamwangalia aliye juu yake kwa macho ya njaa. Mimi nilikuwa mmoja wao, sikufichi.

Lakini miezi ile ile, majirani zetu waliotoka jimbo la Kasai walianza kutazamwa vibaya. Watu ambao baba zao walilaza reli pamoja na baba zetu, walioimba nasi kanisani, ghafla waliambiwa warudi kwao, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Vijana walipita mitaani na fimbo. Familia nyingi zilikimbilia kambi kubwa ya mahema pembeni ya mji, iliyolindwa na askari wa kulinda amani wenye kofia za buluu.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nyumba nambari kumi na tano, alikuwa Mkasai. Aliitwa Ngalula. Mumewe Mukendi alikuwa karani. Walikuwa na mabinti wawili wadogo, na yeye tumbo lake lilikuwa kubwa mno, miezi ya mwisho. Na jambo ambalo ningependa kulificha lakini leo nimekula kiapo cha kusema yote: yeye ndiye aliyenifundisha kufuma. Yale mawaridi ishirini na manne, mchoro wake aliutoa Ngalula kichwani mwake. Kila nilipokosea alinifumulia pole pole, akanianzishia upya, akicheka.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya shindano, Ngalula alibisha hodi mlango wa mbele.

"Mama Vero," aliniambia, "Mukendi alienda kule ku kambi ya mahema kututafutia nafasi. Hapana kurudia mpaka siku ya kwanza ya kazi. Jana bale bavijana balivunja dirisha yangu na mabwe. Niko naomba tulale kwako, humu mu salon. Mi na batoto babili tu. Tutalala chini, hatutagusa kintu."

Niliangalia sakafu, mwanangu. Yeye alikuwa anasubiri jibu usoni mwangu, na mimi niliangalia sakafu.

"Ngalula, dada yangu," nilimjibu, "kesho njo concours ya nyumba. Kuya kesho magaribi, juri ikiisha kupita. Pale utalala hata siku mingi."

"Kesho magaribi," alisema. "Bon. Aksanti, Mama Vero." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, aliongeza: "Sakafu inang'aa muzuri kabisa."

Alipoondoka nilichukua tambara nikafuta alama za miguu yake.

Basi tunarudi kwenye Jumamosi ile. Yapata saa mbili asubuhi nilikwenda na ndoo yangu kwenye bomba la mtaa kuchota maji ya kupangusia mara ya mwisho. Waamuzi wangeanza saa tatu, mwanzo wa barabara, na wangenifikia karibu saa tano. Nikamkuta Ngalula amekaa kwenye jiwe la kufulia, mabinti wake wameshika kitenge chake kila mmoja upande wake, na kifurushi kimoja miguuni. Alfajiri vijana walikuwa wamepiga teke mlango wake na kumwambia aondoke kabla ya adhuhuri. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika. Hospitali ilikuwa mwisho kabisa wa kambi, na vijana wale wale walikuwa wamesimama njia panda na fimbo zao. Wanawake wapatao kumi walikuwa kwenye foleni ya maji. Kila mmoja alikuwa anakagua ndoo yake utadhani ameiona leo kwa mara ya kwanza.

Na mimi nilijaza ndoo yangu. Nakuambia ili ujue unazungumza na nani. Nilijaza ndoo, nikajitwika, nikageuka kurudi nyumbani. Nilijiambia kwamba mtu mwingine atafanya kitu, kwamba saa tano haiko mbali, kwamba mimi nimeshamwahidi jioni.

Hatua chache tu, nikakutana na mama mkwe wangu amesimama katikati ya njia, kiko mdomoni.

"Vero," alisema, "maji ile iko ya nini?"

"Ya kufuta sakafu, mama."

"Ya sakafu." Alitoa kiko. Hakupaza sauti, lakini foleni yote ilinyamaza ili isikie. "Mwana wangu, miezi tatu niko kwako. Sijaikala mu kiti yako hata mara moja. Sikuuliza. Nilisema, labda kuko muntu mukubwa anakuya, mukubwa kupita mie muzazi wa Numbi, njo banamuchungia kiti. Miezi tatu niko namungojea huyu mukubwa. Leo nauliza: njo nani? Nani atakuya kuikala mu bile biti?"

Nilitafuta jina la mtu, na sikulipata. "Mama, juri hawakai," nilisema mwishowe. "Banaangalia tu."

"Banaangalia biti?" Alicheka mpaka moshi ukampalia. "Mutoto wangu anaungua na moto ya shaba kila siku, anakula inje juu ya kigoda, sababu ya biti bya kuangalia!" Kisha kicheko kikakatika. Akaitua ndoo kutoka kichwani kwangu kwa mikono yake mwenyewe. "Leta. Maji hii imepata kazi."

Akanipita akaenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe la kufulia.

Nilisimama pale na kata yangu kichwani, bila ndoo, mbele ya wanawake wote wa mtaa. Nimewahi kuona aibu mara nyingi maishani, ila ile ilinishika mpaka masikio yakauma. Nikamtazama Ngalula. Alikuwa ameng'ata ncha ya kitenge ili watoto wake wasisikie anavyolia. Miguu yangu ikaondoka yenyewe. Nilimkimbilia, nikamshika kwapani, nikamwambia, "Dada, simama, twende kwetu," na yeye aliniegemea kwa uzito wake wote bila kuniuliza kuhusu jioni.

Tulimwingiza kwa mlango wa mbele. Mama Umba, ambaye kule Mitwaba alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, alisimama katikati ya salon, akaangalia huku na huku, akainama kupitisha kidole sakafuni kama mwamuzi.

"Eh, Vero," alisema, "hospitali haina sakafu safi kama hii. Weye ulikuwa unaitengeneza kwa ajili ya mwana huyu, na hukujua." Kisha akanifukuza kwenda kuchemsha maji.

Mambo ya uzazi sitakusimulia yote, utayajua kwa wakati wako. Ilikuwa ngumu, na Ngalula aliniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Karibu saa nne mama mkwe aliinua kichwa akasema anataka kitambaa safi cha kumpokelea mtoto, safi kabisa, si kitenge cha jikoni. Macho yake hayakutazama meza. Yangu ndiyo yaliyotazama. Miezi minane, mawaridi ishirini na manne, na sauti ya Mama Filomena mwaka uliopita akisema kwamba kitambaa cha Vero kinaweza kulaliwa na askofu. Nitakuongopea nikisema sikusita. Nilisita muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikakivuta kutoka mezani, chombo cha maua kikaanguka kikavunjika, wala sikugeuka kukitazama.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana, akalia mara moja, mwenye hasira. Tulikuwa tunamfunga kwenye mawaridi yake wakati Mama Umba alipoweka mkono juu ya tumbo la Ngalula na kutulia. Nikaona uso wa kizee ukifunguka.

"Kuko mwengine," alisema. "Mapasa! Mapasa, eeeh!"

Alipiga kelele ya furaha iliyotoka hadi kwenye bomba la maji, na wa pili akatoka salama mikononi mwake.

Sasa hapa lazima uelewe, mwanangu, maana mila hii mmeiacha ife. Kwetu Waluba wa Katanga, na kwao Waluba wa Kasai, na hata kwa majirani wa makabila mengine kambini, mapasa, yaani mapacha, si watoto wa kawaida. Mapasa ni wageni wakubwa. Wakizaliwa, hakuna ugomvi karibu nao. Wanawake hujipaka pemba, udongo mweupe, wakacheza na kuimba nyimbo zisizo na haya hata kidogo, za kuwatukana baba na mama yao kwa mambo ya chumbani, na anayetukanwa anatakiwa acheke. Kila anayefika anatia kitu kwenye ungo, chochote alichoshika mkononi saa ile ile, kisha anacheza. Anayekataa amejitafutia balaa yeye na ukoo wake. Tulikuwa Wakatoliki wazuri, wa ekaristi kila Jumapili, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kukataa.

Wale wanawake wa foleni walikuja mbio. Wale wale. Mmoja alikuja na ungo, mwingine na kuni, mwingine akawachukua mabinti wa Ngalula akawapa uji. Mama Umba alitoa pemba kwenye mzigo wake akatupaka usoni, shingoni, mikononi. Tukaanza kuimba. Mimi niliyelelewa na masista niligundua kwamba naujua kila mstari, hata ile michafu kuliko yote. Na Ngalula, amelala sakafuni kwangu na mtoto kila upande, alinyanyua kidole akatusahihisha kwa sauti ya kuchoka: kwao Kasai ubeti wa pili una tusi moja zaidi. Akatufundisha. Tulicheka mpaka machozi, na tusi tukaliongeza.

Ndipo vijana walipofika mlangoni. Walikuwa watano. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na walikuwa wameambiwa kwamba Mkasai yule amejificha kwa mke wa Numbi.

"Batoke!" alipaza sauti mrefu wao. "Bantu ba Kasai batoke!"

Nyimbo zilikatika. Lakini Mama Umba alikuwa ameshachukua ungo, akatoka hadi kizingitini, mweupe kutoka paji la uso hadi kifuani, kiko mdomoni, akicheza. Alicheza hadi mbele ya yule mrefu, akainua ungo chini ya kidevu chake.

"Mapasa bako mu nyumba," alimwambia. "Banangojea. Muko na nini mu mikono?"

Kijana aliangalia mkono wake. Ndani yake kulikuwa na fimbo, na hakukuwa na kitu kingine. Alimwangalia kizee, akaangalia ndani, akaona wale wawili wamelala kwenye kitambaa kimoja. Mama yake alimzaa kama sisi wote, na bila shaka alimwambia habari za mapasa angali mgongoni. Akaitia fimbo kwenye ungo.

"Na bengine?" alisema Mama Umba.

Zikaingia zote tano. Ungo ulimlemea, ikabidi nimsaidie kuushika.

"Sasa mucheze!"

Nao wakacheza, mwanangu! Kwanza kama watu wanaokanyaga makaa, halafu wanawake wakawazunguka, wakawatukana kwa nyimbo, na yule mrefu akaanza kucheka bila kutaka. Dakika chache baadaye alikuwa anacheza vizuri kuliko sisi. Zile fimbo ndizo tulizopikia uji wa mzazi mchana ule. Kuni kavu sana, ziliwaka vizuri.

Na katikati ya vumbi na makelele hayo, waamuzi wakafika.

Nilikuwa nimewasahau. Nilimwona kwanza shefu wa kambi, suti, tai, kofia mkono wa kulia, daftari kwapani upande wa kushoto, amesimama getini kama mtu aliyepotea nyumba. Akaingia. Akaona salon yangu. Kila kiti kilikuwa na mtu, na vingine watu wawili wawili. Kwenye kiti bora, mama mkwe wangu alikuwa sasa amekaa, miguu ameinyoosha, anavuta kiko chake na kudondosha majivu kwenye sakafu yangu ya nta. Kulikuwa na maji, damu, vipande vya chombo cha maua, vijana watano wanatoka jasho, na wanawake weupe kama mizimu.

"Madame Numbi," alisema shefu, "ni nini hii?"

Nilikuwa na majibu mengi ya aibu tayari mdomoni, lakini Mama Umba alinisukuma kiwiko, akanipa ungo. Basi nikaubeba. Nikacheza hadi mbele ya shefu wa kambi, mimi Veronika wa nyumba kumi na nne niliyetaka kuitwa Madame, na pemba usoni, na nikaimba ubeti wa pili pamoja na tusi lake la Kasai.

Shefu alitazama daftari. Akatazama kofia. Ilikuwa kofia nzuri ya kijivu yenye utepe, kambi nzima iliijua. Akaitia kwenye ungo. Mwalimu wa foyer alivua viatu vyake vya kisigino, akavitia vyote viwili, akaanza kucheza peku peku na kuimba kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia darasani. Yule mzungu hakuelewa lolote, lakini alimwona mwenzake, akavua glavu zake taratibu, kidole kimoja kimoja, akaziweka juu ya kofia. Kisha akaomba kuwaona watoto, akapiga magoti sakafuni bila kupangusa kwanza.

Jumapili uwanjani palijaa. Shefu wa kambi alisimama na daftari lake, kichwa wazi juani. Mama Filomena alishinda cherehani, kwa haki, nyumba yake ilikuwa haina doa. Halafu akasoma nyumba baada ya nyumba, na alipofika kwetu nilitamani ardhi inimeze. Numbi alinishika mkono.

"Nambari kumi na nne," alisoma. Alisita. Alishusha daftari akasema bila kulitazama: "Haikupimwa. Ilikuwa imejaa bantu."

Halafu mtaa wetu ukalipuka! Vigelegele, ngoma, vijana watano wanapiga miluzi, Numbi anarusha kofia yake juu na kushindwa kuidaka. Walinibeba, mwanangu, walinibeba juu kama mshindi, na mimi nililia kwa furaha mbele ya kambi nzima. Nilikuwa nimetaka watu wageuke kunitazama. Waligeuka.

Alasiri ile Mama Filomena alikuja kwangu na cherehani yake mpya, imebebwa na wanaume wawili.

"Vero," alisema, "nyumba yangu iko safi, lakini kimya yake inanichokesha. Wapi batoto nibashonee?"

Akakaa kwenye kiti changu akashona mpaka jua likazama.

Jumatatu Mukendi alikuja na gari la wale askari wa kofia za buluu kuwachukua. Kabla ya kuondoka aliwapa watoto majina. Wa kwanza akamwita Mbuyi, kama wanavyoita kwao. Wa pili kwao angekuwa Kabanga, lakini Mukendi alimgeukia Mama Umba akasema huyu ataitwa Kabange, kama mnavyosema ninyi. Kitambaa kiliondoka nao. Sikukifuma kingine. Vita vilipofika mjini baadaye, na milio ya bunduki ikawa inatoka upande wa Luano kwenye uwanja wa ndege, salon yangu ilishalaza watu nisioweza kuwataja wote. Viti vilivunjika kimoja kimoja kwa kukaliwa. Na Numbi alipofariki, miaka mingi baadaye, mikeka ya waliokuja kulia nasi ilitoka sebuleni ikajaza ua mpaka barabarani.

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili. Sikuambii uache kutafuta. Tafuta kazi nzuri, soma, jenga, ipake nta sakafu yako ing'ae. Mimi hadi leo siwezi kuona vumbi nikalala. Kosa langu halikuwa kusugua. Kosa langu ni kwamba nilisugua miaka mitatu bila kujua nasugua kwa ajili ya nani, na nilipobishiwa hodi na mtu mwenyewe, nikamwambia aje jioni. Kila unachokipata, kiulize swali la mama mkwe wangu: nani atakaa hapa? Ukikosa jina la mtu, hujafanikiwa bado, hata kama mji mzima unakupigia makofi. Ukilipata, usimwambie kesho. Mfungulie mlango wa mbele, umpe kiti bora, na kama ana majivu ya kiko, acha yadondoke. Na itoe ile nailoni kwenye kochi lako leo leo, nitakuja Jumapili kukaa.

Mungu wa baba zetu akupe riziki na nguvu za mikono. Akupe majirani wa kukufundisha kufuma, na kizee wa kukuzuia njiani ukiwa umebeba ndoo isiyo na kazi. Akupe mapasa, akitaka. Na siku yetu sote itakapofika, daftari likafunguliwa mbele ya umati, na msomaji akafika kwenye jina lako, basi asite kidogo, avue kofia yake, aseme kwa sauti: hii haikupimwa, ilikuwa imejaa watu.